Afya ya Uzazi ni ya Kila Mtu Kambini, na Ndugu Zetu Transjenda Wamo

Maneno ya muuguzi mkunga mbele ya Kamati ya Wakimbizi na wakazi wa kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Wengi wenu mnanifahamu. Mimi ni muuguzi mkunga, na baadhi ya watoto wanaocheza hapo nje wamepita mikononi mwangu. Kamati iliniomba nizungumzie afya ya uzazi. Kwa kawaida siku kama hii nasema juu ya kliniki ya wajawazito, uzazi wa mpango na UKIMWI, watu wanapiga makofi, tunakwenda kula. Leo nitasema mambo hayo hayo, ila nitayasema kwa ajili ya watu ambao hotuba zetu huwaruka. Nawaomba wazee mnivumilie mpaka nimalize, ndipo mnihukumu.

Yupo mtu ambaye alipozaliwa mkunga alimtazama akasema ni msichana, akapewa jina la kike, akakua, lakini tangu utoto anajijua kuwa ni mwanamume. Yupo mwingine aliyeandikwa mvulana, naye anajijua kuwa ni mwanamke. Na wapo wasiojiona kuwa mwanamume wala mwanamke. Neno linalotumika siku hizi ni transjenda. Nalitumia kwa sababu maneno tuliyo nayo mitaani ni matusi, na hakuna mgonjwa anayekuja kutibiwa mahali anapotukanwa. Msiwachanganye na huntha, yaani mtu aliyezaliwa na alama za kike na za kiume mwilini. Hao mashehe wetu wanawajua vizuri, maana wanazuoni wa fikihi walijadili mirathi yao na nafasi yao katika safu za sala karne nyingi zilizopita. Tena msichanganye jambo hili na suala la mtu anampenda nani. Hilo ni suala jingine, na leo silo nililokuja nalo.

Wengine husema ni wazimu. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa inayotumiwa na hospitali za nchi nyingi. Mkutano wake mkuu wa Mei 2019 ulipitisha orodha mpya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, na katika orodha hiyo jambo hili lilitolewa katika sura ya magonjwa ya akili likawekwa katika sura ya afya ya ujinsia. Halikufutwa kabisa, kwa sababu watu hawa wana mahitaji ya kitabibu, na mganga anahitaji mahali pa kuyaandika. Basi mimi nasimama hapo kwenye mahitaji ya kitabibu. Sikuja kumfundisha mchungaji Biblia wala shehe Kurani.

Mtaniuliza, je, hapa kambini wapo, na ni wangapi? Wapo, kama walivyopo kila mahali penye watu maelfu. Idadi sitaitaja, wala majina. Siku mtu atakayoniletea daftari la kuwaandika, nitaliweka jikoni liwashie moto.

Vile vile najua wapo watakaosema kwamba sasa si wakati wake. Posho ya chakula imepunguzwa, hema zinavuja, na mkunga anatuletea habari za transjenda! Wazee mliopita katika kambi za Tanzania na za Zaire ya wakati ule mtakumbuka tuliambiwa nini. Miaka ya mwanzo ya 1990 mkimbizi alihesabiwa kwa unga, maji, turubai na chanjo ya surua. Mama akitaka vidonge vya majira, aliyebakwa akitaka dawa, jibu lilikuwa lile lile: sasa si wakati wake. Ndipo mkutano wa Cairo wa 1994 ukasema wazi kwamba wakimbizi nao wana haki ya afya ya uzazi. Mwaka 1995 mashirika yakaunda kikundi cha pamoja cha kushughulikia jambo hilo, na mwaka 1999 kikatoa kitabu cha mwongozo kwa wafanyakazi wa kambini. Kitabu hicho kilirekebishwa mwaka 2010, kisha mwaka 2018. Leo hakuna kiongozi wa kambi anayethubutu kusimama na kusema kujifungua salama ni anasa. Nawaomba tu mkumbuke kwamba maneno hayo yaliwahi kusemwa juu ya wake zenu na binti zenu.

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Nitaanza na foleni, kwa sababu hapo ndipo mambo mengi yanapoharibika kabla ya mgonjwa hajamwona mganga.

Mtu amekaa kwenye benchi tangu alfajiri. Ana ndevu, amevaa suruali, sauti nzito. Karani anatoka na kadi, anaita kwa nguvu jina la kike lililoandikwa siku ya kuandikishwa. Watu mia wanageuka. Afanye nini? Akiitikia, ameanikwa mbele ya kambi nzima. Asipoitikia, kadi inawekwa chini ya nyingine, naye anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Nimeliona jambo hili katika zaidi ya kambi moja na katika zaidi ya nchi moja. Mtu huyo harudi tena. Atakuja siku amebebwa.

Na hapa Kiswahili chetu kimetutangulia, ila hatujatambua. Kiswahili hakina neno moja la mume na jingine la mke pale tunaposema “yeye”. Tunasema amekuja, anaumwa, mpe dawa, basi. Kirundi na Kinyarwanda ni vivyo hivyo. Mnaojua Kifaransa mnajua kule mambo ni magumu, huwezi kumaliza sentensi moja bila kumtaja mtu ni wa kike au wa kiume. Sisi twaweza kumhoji mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho bila kumjeruhi. Tunajikwaa tu pale tunapotanguliza “mama fulani” na “baba fulani” kwa mtu ambaye hatujamuuliza. Muulize unaitwa nani, useme ndugu. Foleni iitwe kwa namba. Namba hainunuliwi, inaandikwa kwenye kipande cha boksi. Na itawasaidia wengi, hata yule mzee anayekuja kuchukua dawa za kufubaza virusi na hapendi jirani ajue.

Mganga anatibu viungo alivyo navyo mtu. Nguo aliyovaa si kipimo. Mwenye kizazi anaweza kushika mimba. Mwenye shingo ya kizazi anaweza kupata saratani ya shingo ya kizazi. Mwenye tezi dume inaweza kuvimba uzeeni, hata kama anavaa kitenge na anaitwa shangazi. Basi niwachukue wa kwanza, mwanamume transjenda, yaani yule aliyeandikwa msichana.

Wengi wao hufikiri hawawezi kushika mimba. Baadhi wamepata homoni ya kiume, testosteroni, kwa njia wanazozijua wenyewe, hedhi ikakatika, wakaona mambo yamekwisha. Sivyo. Testosteroni si dawa ya uzazi wa mpango. Yai linaweza kukomaa hata hedhi isipoonekana, na mimba ikaingia. Tena homoni hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo anayejihisi kuwa na mimba aiache na aje mara moja. Njia za kupanga uzazi anaweza kuzitumia kama wengine: kitanzi, vijiti, sindano, kondomu. Vijiti na sindano havina ile homoni ya kike ambayo wengi wao wanaikwepa, na kitanzi cha shaba hakina homoni yoyote. Na akija na mimba, ahudhurie kliniki, apimwe damu, kaswende na virusi vya UKIMWI, ajifungue mikononi mwa mkunga. Najua wodi ya wazazi itashangaa kumwona mtu mwenye ndevu. Ishangae kimya kimya, huku inafanya kazi.

Saratani ya shingo ya kizazi inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Nchi hii ya Rwanda, iliyotupokea, ilianza kuwachanja wasichana wa shule mwaka 2011, ikiwa ya kwanza Afrika kufanya hivyo nchi nzima. Waliokuwa watu wazima tayari, na waliokulia porini wakikimbia vita, hawakuchanjwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2021 kwamba kipimo cha kirusi hicho kianze katika umri wa miaka 30, na kwa mwenye virusi vya UKIMWI kianze miaka 25. Kwa mwanamume transjenda kipimo cha zamani cha kulazwa kitandani na kuingiziwa chuma ni mateso. Habari njema ni kwamba kipimo cha HPV mtu anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, faraghani, akakabidhi. Mahali ambapo kipimo hiki kipo, aelezwe hivyo. Akina mama wengi nao watafurahi, maana wanakiogopa kile chuma kuliko ugonjwa.

Halafu kuna pedi. Zinagawiwa kwa orodha, mbele ya watu, katika foleni ya wanawake. Kijana wa namna hii yumo katika orodha kwa sababu aliandikwa wa kike, lakini hatasimama pale. Anatumia kitambaa chakavu, hana mahali pa kukianika, anapata vidonda. Dawa ya tatizo hili haihitaji mfadhili. Mwenye kaya au ndugu yake aruhusiwe kumchukulia, na anayegawa asiulize maswali.

Wazee, kuna jambo ambalo linanikera na nitalisema. Familia inamwona binti yao ana tabia za kiume, inaamua kumwoza haraka ili “apone”. Mahari inapokelewa, sherehe inafanywa. Miezi kadhaa baadaye analetwa kwangu, ana mimba asiyoitaka, ana michubuko, hataki kula. Huo si utaratibu wa mila yoyote ninayoijua ya kwetu Kivu wala ya Burundi. Ni kubakwa kwa idhini ya wazazi. Akiwa hajafikisha umri wa kuolewa kisheria ni kosa la jinai juu yake.

Nije kwa mwanamke transjenda, aliyeandikwa mvulana. Kwake yeye adui mkubwa ni UKIMWI. Mwaka 2013 wataalamu walikusanya taarifa za nchi 15 wakaona kwamba katika kila wanawake transjenda 100 waliopimwa, 19 hivi walikuwa na virusi. Sababu si laana. Anafukuzwa nyumbani, hapati kazi, anauza mwili ili ale, mwenye pesa anakataa kondomu, na yeye anaogopa kwenda kupima. Mtu wa namna hiyo akikutana na virusi ana ngao gani?

Nitasema kwa heshima, lakini nitasema. Kujamiiana kwa njia ya nyuma, awe mwanamume au mwanamke, kunaambukiza kwa urahisi kuliko njia ya kawaida, kwa sababu ngozi ya humo ni nyembamba na inachanika. Kondomu peke yake haitoshi, inahitaji kilainishi cha maji. Mafuta ya kupaka, mafuta ya kupikia na vaselini vinaozesha mpira wa kondomu ukapasuka. Hili liwafikie wote, pamoja na mabwana mnaocheka huko nyuma. Kisonono kinaweza kukaa kooni na nyuma bila dalili yoyote, kwa hiyo muuguzi asiyeuliza hatakiona. Kaswende inatibika kwa sindano. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ipo duniani siku nyingi, aulizie.

Kuna pia vidonge vya kujikinga kabla ya kukutana na virusi, PrEP. Haviharibiwi na homoni, na homoni haziharibiwi navyo kwa namna ya kuleta madhara. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na ruhusa ya muda iliyotolewa Februari mwaka huo iliruhusu fedha zake zilipie PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Wengine wote waliachwa nje. Nalitaja hili ili mjue kwamba uamuzi huo ulitoka mbali sana na meza ya muuguzi. Vijana walikuja kuwagombeza wauguzi na washauri wa afya, na wauguzi hawakuwa na la kufanya.

Homoni zenyewe hatugawi kambini. Anayezitaka huzitafuta gizani. Wapo wanaomeza vidonge vya majira vitano, kumi kwa siku wakidhani wataota matiti upesi. Vidonge vile vikizidi vinaweza kugandisha damu katika mishipa, hasa kwa anayevuta sigara. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla na kifua kubana, asisubiri kuche. Aje, aseme kweli amemeza nini. Muuguzi atakayemcheka wakati huo ataeleza mbele ya maiti alikuwa akicheka nini. Na wanaochangia sindano za homoni wanachangia virusi. Sindano mpya ni bei ndogo kuliko chochote kingine nilichokitaja leo.

Ndugu Mwenyekiti, kuhusu ubakaji nitasema haraka kwa kuwa mmekwisha kulisikia, lakini saa zake ni zile zile kwa kila mtu. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora, kisha imezwe siku 28. Mwenye kizazi apewe dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Hata akiwa na ndevu. Aliyebakwa akiwa mwanamume, au mwanamke transjenda, naye amebakwa. Tuliotoka vita vya Kongo tunajua wanaume waliofanyiwa hivyo wakanyamaza miaka ishirini. Miongozo ya kimataifa inasema matibabu yasisubiri karatasi ya polisi. Hapa Rwanda kuna vituo vya Isange, vilivyoanza mwaka 2009 katika hospitali ya Kacyiru, Kigali, ambapo mganga, mshauri na mpelelezi wanapatikana chini ya paa moja bila malipo. Transjenda wanaogopa kwenda huko kwa kudhani watakamatwa wao.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Burundi iliweka kifungu dhidi ya mahusiano ya jinsia moja katika sheria yake ya makosa ya jinai mwaka 2009. Uganda ilipitisha sheria kali Mei 2023, iliyokuwa na kifungu cha kulazimu watu kutoa taarifa. Mahakama ya Katiba ya huko iliondoa kifungu hicho cha kutoa taarifa Aprili 2024, lakini sehemu kubwa ya sheria ikabaki. Transjenda hakutajwa kwa jina kila mahali, ila polisi hawaulizi tofauti. Rwanda pendekezo la namna hiyo lilifika bungeni mwaka 2009 na likaachwa. Sheria ya makosa ya jinai ya hapa haina kifungu hicho. Lakini mtu aliyekimbia hakuacha hofu mpakani. Akiona koti jeupe anaona mtoa taarifa. Kwa hiyo siri ya mgonjwa ndiyo dawa ya kwanza tunayompa, na ikimwagika mara moja kisimani, hakuna semina itakayoirudisha.

Naiomba Kamati mambo machache, na yote mnayaweza. Namba za foleni zianze wiki ijayo, boksi ninazo. Orodha ya pedi iruhusu mtu kuchukuliwa na ndugu. Kila kijiji kichague mshauri wa afya mmoja, mwanamume au mwanamke, ambaye watu wanamjua kuwa hasemi ovyo, nami nitakaa naye siku mbili nimfundishe haya niliyoyasema. Choo na bafu la kituo cha afya, lile lenye mlango mmoja na kufuli lake, liachwe kwa yeyote anayehitaji faragha, ufunguo ukae kwa mlinzi. Na kijana akifukuzwa nyumbani usiku, wazee wa kijiji wampeleke kwa familia iliyokubali kupokea, kama tunavyofanya kwa watoto waliofika peke yao, wasimwache akalale sokoni.

Wenye maswali ya hadharani waulize sasa. Wenye maswali ya siri, Jumatano na Ijumaa alasiri nipo chumba cha mwisho, kile chenye pazia la bluu. Huna haja ya kuja na kadi.